Picha ile ya abasia ni kazi ya mchoraji, na ndani yake kuna mazishi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nisahihishe maelezo ya mstari mmoja. Katika makala yenu ya hivi karibuni kuhusu nyumba za kitawa za kale barani Ulaya, ukurasa wa ndani ulipambwa kwa picha ya magofu yaliyozungukwa na miti isiyo na majani, na chini yake mkaandika kwamba hiyo ni monasteri ya kale ya Ujerumani ilivyokuwa wakati wa baridi. Hapakuwa na jina la mchoraji, wala mwaka, wala neno lolote la kumjulisha msomaji kwamba anachokitazama ni mchoro wa rangi za mafuta. Wanafunzi wangu wawili walikikata kipande hicho cha gazeti wakaniletea darasani, na swali lao la kwanza lilikuwa kama jengo hilo bado lipo, na kama mtu anaweza kwenda kusimama pale aliposimama mpiga picha. Niliwajibu kwamba magofu yapo, lakini hakuna aliyepata kusimama mahali pale, kwa sababu mahali penyewe, kwa jinsi panavyoonekana, hapajawahi kuwapo duniani. Jibu hilo liliwashangaza kuliko nilivyotarajia, na ndilo lililonifanya niketi kuandika barua hii.

Picha hiyo kwa Kijerumani huitwa Abtei im Eichwald, yaani Abasia katika Msitu wa Mialoni; abasia ni monasteri inayoongozwa na abati. Aliyeichora ni Caspar David Friedrich, aliyeifanyia kazi kati ya mwaka 1809 na 1810 akiwa mkazi wa Dresden, na leo inatunzwa katika jumba la sanaa la Alte Nationalgalerie mjini Berlin. Imechorwa juu ya turubai lenye kimo cha sentimita 110 na upana wa sentimita 171, upana unaolingana na kimo cha mtu mzima. Katika gazeti lenu ilipunguzwa ikawa ndogo kuliko kiganja, na kwa ukubwa huo jambo lililo kiini cha picha halikuonekana kabisa. Nadhani ndiyo sababu aliyeandika maelezo hakulitaja. Picha ile ni ya mazishi.

Naomba nieleze kilichomo, kwa kuwa wasomaji wengi walikiona kipande kile kidogo tu. Katikati unasimama ukuta mmoja mrefu wa kanisa lililobomoka, wenye dirisha refu lililochongoka juu, lisilo na kioo, ambalo mbingu huonekana kupitia kwake. Kulia na kushoto ipo mialoni mikubwa iliyopukutisha majani yote, matawi yake yamepindapinda na kukatika, na mingine imekufa kabisa. Mwaloni ni mti ambao wengi wetu tumeujua kwa kusoma Biblia, katika habari za Abrahamu na mialoni ya Mamre. Huko kaskazini mwa Ulaya ni mti mgumu unaoweza kuishi karne kadhaa, na mchoraji ameupa hapa kimo kinachokaribia kile cha ukuta wa kanisa. Ardhi imefunikwa na theluji, na juu ya theluji hiyo imesimama misalaba ya makaburi, mingine ikiwa imeinama. Kisha, mtazamaji akisogea, anaanza kuwaona watu: wamonaki wadogo sana, weusi, waliobeba jeneza kuelekea kwenye lango la ukuta ule, na ndani ya lango umesimamishwa msalaba wenye taa mbili ndogo, moja kila upande wake. Mbele kabisa, upande wetu sisi tunaotazama, kuna kaburi lililochimbwa, nalo liko wazi.

Theluthi ya chini ya picha yote imemezwa na giza. Juu yake inaanza mbingu yenye nuru ya manjano iliyofifia, na katika nuru hiyo kuna hilali nyembamba ambayo mtu anayepita kwa haraka huikosa. Kati ya giza lile na nuru ile hakuna chochote kinachounganisha, isipokuwa ukuta na miti, ambayo mizizi yake iko gizani na vilele vyake vimefika kwenye mwanga. Nilipoiona mwaka 2017, nilikaa mbele yake muda mrefu kabla ya kulibaini jeneza. Naamini mchoraji alitaka iwe hivyo: kwanza uone ubaridi na ukimya wa mahali, halafu ndipo ugundue kwamba umefika katikati ya ibada ya maziko na hukuwa umewaona wenye msiba.

Magofu yaliyompa mchoraji wazo hilo yapo kweli, nayo ni ya abasia ya Eldena, karibu na mji wa Greifswald kwenye pwani ya Bahari ya Baltiki. Abasia hiyo ilianzishwa mwaka 1199 na wamonaki wa shirika la Wasistersiani waliotoka Dargun, chini ya ulinzi wa mtawala wa kisiwa cha Rügen. Soko lililokua chini ya abasia ndilo lililozaa mji wa Greifswald wenyewe. Mwaka 1535, Matengenezo ya Kanisa yalipofika katika nchi ya Pomerania, abasia ilifungwa, na tangu hapo ikaanza kuharibika. Katika karne ya 17 nchi hiyo iliingia mikononi mwa Sweden, na matofali ya abasia yakabomolewa na kuchukuliwa kwenda kujengea mahali pengine, ngome za mji zikiwemo. Friedrich alizaliwa Greifswald tarehe 5 Septemba 1774, akiwa raia wa mfalme wa Sweden ingawa lugha yake ilikuwa Kijerumani, na magofu hayo yalikuwa jirani naye tangu utotoni.

Habari hii ilistahili kuwekwa hata kwa sentensi moja chini ya picha, na nina sababu ya kusema hivyo. Kwa msomaji wa Tanzania, neno abasia linaleta picha ya Peramiho au Ndanda: kengele inayolia kwa saa zake, hospitali, karakana, mashamba, na Wabenediktini ambao watu wa maeneo hayo wamekua wakiwaona. Kwetu abasia ni mahali penye watu. Msomaji huyo akionyeshwa abasia isiyo na paa, yenye makaburi mlangoni, na asielezwe kwamba wamonaki wa Eldena walikuwa wamekwisha ondoka karibu miaka 275 kabla picha haijachorwa, atadhani anaona maisha ya kawaida ya kitawa ya Wazungu wa zamani. Kumbe wale waliobeba jeneza hawangeweza kuwapo. Mwaka 1809 hapakuwa na mmonaki hata mmoja wa kuzikwa pale, wala wa kuzika.

Hilo ni moja tu kati ya mambo ambayo mchoraji aliyabuni. Eldena imesimama kwenye ardhi tambarare iliyo karibu na mahali mto Ryck unapoingia baharini; hakuna pale msitu wa mialoni wa kutisha namna ile. Mialoni aliichora kwa penseli katika safari zake, mmoja mmoja, kwa uangalifu wa mtu anayechora uso wa jamaa yake, na mtu aliyezoea kazi zake anaweza kuutambua mti uleule katika zaidi ya picha moja. Kuta za Eldena ni za matofali mekundu ya kuchoma, kama yalivyo makanisa mengi ya kale ya pwani ile, lakini katika picha wekundu huo umezimwa hadi ukuta umekuwa wa rangi ya udongo mkavu. Hata ibada yenyewe haina pa kufanyikia, kwa kuwa nyuma ya lango lile hakuna kanisa, kuna uwanja mtupu. Kila kipande kimetazamwa kwa ukweli na kuchorwa kwa ukweli, ila mahali vilipokutanishwa ni ndani ya fikra za mtu mmoja.

Asije mtu akasema kwamba mchoraji hakuweza kulichora jengo kama lilivyo. Mnamo mwaka 1825 aliichora tena Eldena, safari hii ikiwa na majani ya kijani na kijumba kidogo cha watu kilichojibanza kati ya kuta zilizobomoka, na picha hiyo nayo iko katika jumba lilelile la Berlin. Baadaye, katika miaka ya 1830, aliyachukua magofu hayohayo ya pwani akayapandisha kwenye milima ya Riesengebirge, mbali sana na bahari, na hakuna aliyemwita mwongo. Mtu huyu alijua jengo lake tofali kwa tofali, na kila alipolihamisha, alilihamisha kwa kukusudia.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu ya wanafunzi wangu. Ninafundisha uchoraji Bagamoyo, na kila mwaka tunakwenda na karatasi na penseli kwenye magofu ya Kaole, tunakaa kati ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, na tunachora. Kila mwaka kuna kijana ambaye picha yake imesogeza mbuyu ukawa karibu na kaburi, au imeondoa uzio, au imeshusha jua mahali ambapo halishuki, na kila mwaka kuna mtu mzima anayepita nyuma yake na kumwambia kwamba amekosea. Binti mmoja aliwahi kuifuta kazi nzuri ya asubuhi nzima kwa kuona aibu ya neno kama hilo. Ninawafundisha kutofautisha mambo mawili: kuchora kwa kukosa kutazama, jambo ambalo ni kosa, na kutazama vizuri kwanza kisha kupanga upya, jambo ambalo ndilo kazi yenyewe ya mchoraji. Mfano ninaoutumia darasani miaka yote ni huu wa mialoni na Eldena. Gazeti linalosomwa na watu wengi likiichapisha picha hiyohiyo kama ushahidi wa jengo lilivyokuwa, maneno yangu yanapungua uzito mbele ya vijana wale, na sina namna ya kuwajibu ila kwa barua kama hii.

Kuhusu maisha ya mchoraji nitasema kidogo tu, kwa yale yanayogusa picha. Mama yake alifariki mwaka 1781, yeye akiwa bado mtoto mdogo, na mwaka 1787 ndugu yake alikufa maji. Baba yake alifariki Novemba 1809, picha ikiwa bado inafanyiwa kazi au ndiyo kwanza inaanza kupata umbo. Baba huyo alikuwa fundi wa kutengeneza mishumaa na sabuni. Sitaki kulazimisha maana, lakini tangu nilipolijua hilo siwezi tena kuzitazama taa mbili zile za langoni, ambazo ndizo moto pekee katika picha nzima, bila kumkumbuka mzee aliyeishi kwa kutengeneza mishumaa. Nchi za Wajerumani nazo zilikuwa katika msiba wao, kwa maana Prussia, ufalme uliotawaliwa kutoka Berlin, ilikuwa imeshindwa vibaya na majeshi ya Napoleon mwaka 1806, na malkia wake, Luise, alifariki Julai 1810, miezi michache tu kabla ya picha kuonyeshwa.

Ilionyeshwa Berlin katika Chuo cha Sanaa msimu wa vuli wa mwaka huo, pamoja na picha mwenza iitwayo Der Mönch am Meer, ya mmonaki mmoja aliyesimama peke yake mbele ya bahari tupu. Goethe, mwandishi mashuhuri wa Kijerumani, alikuwa amekwisha zitembelea Septemba katika chumba cha kazi cha mchoraji huko Dresden. Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu wa Prussia alizinunua zote mbili, na aliyemsihi azinunue alikuwa mwanawe, mrithi wa kiti, kijana wa miaka 15. Napenda kuwaeleza wanafunzi kwamba kijana huyohuyo, akiwa mtu mzima, ndiye aliyeagiza katika miaka ya 1820 kwamba magofu ya Eldena yasiendelee kubomolewa bali yahifadhiwe. Kuta hizo bado zimesimama, na mtu yeyote anaweza kuzitembelea leo.

Sasa nirudi kwenye neno ambalo makala yenu haikuligusa, nalo ni kwamba hii ni kazi ya rangi za mafuta, na kwamba picha halisi ni moja tu. Kwa watu wa fani yetu hilo si jambo dogo. Rangi ya mafuta ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta, aghalabu ya mbegu za kitani, na kwa kuwa hukauka polepole, humruhusu mchoraji kuweka tabaka nyembamba juu ya tabaka nyembamba. Friedrich alianza kuchora kwa wino wa kahawia na penseli, na hakuingia katika rangi za mafuta kwa bidii hadi alipopita umri wa miaka 30, naye hakuiacha kamwe ile tabia ya wembamba. Mbingu ya picha ile haikupakwa kwa uzito. Mwanga wa chumba hupenya zile tabaka, hugonga rangi ya msingi iliyo chini yake na kurudi jichoni, na ndiyo maana nuru ile huonekana kama inatoka nyuma ya turubai. Wino wa gazeti hauwezi kufanya hivyo, wala kioo cha simu, na simlaumu mchapishaji kwa hilo. Ninachoomba ni kwamba msomaji aambiwe kuwa kuna kitu ambacho hakukiona.

Hata kwenye jumba lenyewe kuna wakati watu hawakukiona. Kwa miaka mingi vanishi, ule utando mwangavu wa kulinda rangi, iliyokuwa juu ya picha ilikuwa imegeuka rangi, na mikono ya watu wengine ilikuwa imeongeza marekebisho juu ya kazi ya mchoraji. Mnamo 2013 mafundi wa uhifadhi wa Berlin walianza kazi ya kuisafisha pamoja na ile ya mmonaki na bahari, kazi ya polepole iliyofanywa kwa hadubini na pamba, na picha hizo zilirudi mbele ya umma mapema mwaka 2016. Nakala nyingi zinazozunguka mtandaoni ni za kabla ya hapo, na kwa kadiri ninavyoweza kupambanua katika kipande nilicholetewa, yenu pia ni ya zamani, yenye mbingu ya hudhurungi nzito. Basi msomaji wenu alipewa picha bila mchoraji, bila mazishi, na pia bila mbingu yake.

Ipo sababu nyingine inayonifanya nisilichukulie kwa wepesi suala la picha halisi. Kati ya 1817 na 1819 Friedrich alichora picha nyingine ya aina hii, Klosterfriedhof im Schnee, yaani makaburi ya monasteri kwenye theluji, yenye kanisa lililobomoka, mialoni, na msafara wa wamonaki kama huu. Picha hiyo nayo ilikuwa mali ya jumba la Berlin, na iliteketea mwaka 1945 katika vita. Kilichobaki ni picha za kamera zisizo na rangi. Tunajua miti ilisimama wapi, tunajua wamonaki walielekea wapi, lakini rangi ya mbingu yake, ambayo kwa mchoraji huyu ndiyo nusu ya habari, imepotea, na nakala zilizopo haziwezi kuirudisha. Ninapowaambia vijana waandike jina lao, mwaka na aina ya rangi nyuma ya kila kazi, hata ile wanayoiona si kitu, ni picha hiyo iliyoteketea ninayokuwa nayo moyoni.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, naomba mambo mawili. La kwanza ni kwamba mchapishe sahihisho, hata likiwa dogo, lenye maneno haya au yanayofanana nayo: Caspar David Friedrich, Abasia katika Msitu wa Mialoni, rangi za mafuta juu ya turubai, 1809 hadi 1810, Alte Nationalgalerie, Berlin, mazishi ya mmonaki katika magofu, kwa wazo lililotokana na abasia ya Eldena. La pili ni kwamba utaratibu huo wa jina, mwaka, aina ya rangi na mahali kazi ilipo utumike kwa kila mchoro mnaouchapisha, ukiwa wa Mjerumani aliyefariki mwaka 1840 au wa kijana wa Bagamoyo aliyeuza kazi yake ya kwanza wiki iliyopita. Najua nafasi katika gazeti ni finyu, lakini nimehesabu, na maelezo hayo hayazidi mistari mitatu.

Kipande kile cha gazeti tumekibandika kwenye ukuta wa darasa letu, na chini yake nimeacha nafasi ya kubandika sahihisho lenu litakapotoka.

Wako,
Mwalimu wa uchoraji,
Bagamoyo